Matembezi Yetu ya Shimba na Saumu ya Kijana Mmoja



Katika ukurasa huu wa mwezi uliopita niliahidi kuwasimulia habari za matembezi tuliyofanya pamoja na watoto wa chuoni kwetu katika vilima vya Shimba, nikasema nitayaeleza yote, mazuri yake na mabaya yake. Wazazi kadha wa kadha wamenikumbusha ahadi hiyo. Mmoja wao alinisimamisha mlangoni mwa msikiti akaniuliza kwa upole, "Maalim, ni kweli yule kijana alianguka?" Basi nimeona ni heri niyaandike mwenyewe kuliko kuyaacha yazunguke mitaani yakitiwa chumvi. Kosa lilikuwa langu, na mwenye kosa ndiye apasaye kulitamka.

Kwanza niwaeleze mahali penyewe, kwa kuwa wengi wetu tuliozaliwa Mombasa twaviona vilima hivyo kwa mbali siku zote wala hatujapata kukanyaga huko. Mwenye kutoka mjini huvuka feri ya Likoni, akashika njia ya Diani mpaka Kombani, na hapo akapinda mkono wa kulia kuelekea bara. Gari huanza kupanda katikati ya minazi, miembe na mikanju, hata ikafika mji wa Kwale, ulio kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari. Ukisimama hapo ukageuka nyuma waiona bahari yote imetandazwa chini yako. Mbele kidogo ya mji ndilo lango la hifadhi, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Ndani yake mna nyika za majani na vipande vya msitu mkubwa, na mna palahala, mnyama mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma kama jambia, ambaye katika nchi nzima ya Kenya haonekani porini ila hapo. Ndovu pia wamo, tena walikuwa wengi hata mwaka 2005 Serikali ikalazimika kuwahamisha 150 hivi kwa malori mpaka Tsavo, kwa sababu mahali paliwaelemea na mashamba ya watu yakawa hayasalimiki.

Tena mna maji. Chemchemi za Marere zimo katika vilima hivyo, nazo zilianza kuinywesha Mombasa kwa bomba tangu zamani za ukoloni. Niliwaambia watoto habari hii kabla ya kuondoka, nikawaambia twaenda kuona maji ya birika zetu yatokako. Laiti ningeyatia maanani maneno yangu mwenyewe kuhusu maji.

Tulikuwa watoto 26, wavulana 15 na wasichana 11, na waalimu watatu, mmoja wao maalima wetu wa wasichana. Ilikuwa likizo ya Disemba. Mvua za vuli zilikuwa zimekatika, na kaskazi imeingia na joto lake lile la kunata, ambalo mtu hutokwa na jasho akiwa amekaa kitako. Siku tuliyoichagua ilikuwa Alhamisi, na shabaha yetu ilikuwa kutembea kwa miguu hadi kwenye maporomoko yaitwayo Sheldrick, ambako maji huanguka kiasi cha mita 21 ndani ya bonde lenye msitu. Kutoka kilima kiitwacho kilima cha ndovu, ambako magari huachwa, ni mwendo wa kilomita mbili kwenda na mbili kurudi. Mtu haruhusiwi kwenda peke yake. Hufuatana na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa ajili ya ndovu na nyati.

Kilomita mbili! Mtoto wa Mombasa hutembea zaidi ya hizo akitumwa sokoni. Ndivyo nilivyofikiri, na ndivyo nilivyowaambia wazazi.

Nilikuwa nimepanga tuondoke baada ya sala ya alfajiri ili tuwe tumekwisha kushuka na kupanda kabla jua halijakaza. Gari tuliyoikodi ilichelewa kwa saa moja na nusu, kisha tukakaa fungu zima la asubuhi katika msururu wa feri. Ndani ya gari maalima alifungua kapu akaanza kuwagawia watoto mahamri na mbaazi. Alipofika kwa kijana mmoja wa miaka 14, mpole, wa kwanza katika darasa la tajwidi, kijana akarudisha mkono. Maalima akamwuliza kama tumbo lamuuma. Akasema kwa sauti ndogo, "Nimefunga, Maalima. Leo Alhamisi."

Wasomaji wangu, hapa ndipo nilipoanza kukosea, na jua lilikuwa halijatoka vizuri. Nilisimama katikati ya gari, nikashika chuma cha juu, nikawaambia wote, "Tazameni mwenzenu! Ninyi mwawazia matumbo, na mwenzenu amefunga suna, tena katika siku ya matembezi. Huyu ndiye mtoto wa chuoni." Watoto wakanyamaza na mahamri mikononi. Siku ile kimya kile nilikiona kuwa ni haya njema. Leo nikikikumbuka naona kuwa nilimfungia yule kijana mlango, nikauwekea na komeo kwa nje.

Tulifika langoni yapata saa nne u nusu. Mpaka tumekwisha kuandikishwa, na askari wetu amekuja, ilikuwa saa tano. Askari mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, Mdigo wa pande zile zile, mwenye maneno machache. Alitutazama sote, akatazama viatu vyangu, makubadhi mapya ya ngozi, akatabasamu. "Maalim, hayo ni ya kuendea maulidi," akasema, akaenda akanikatia fimbo. Kwa hakika bila ya fimbo ile ningaliteremka kwa mgongo.

Juu pale upepo wa bahari ulikuwa ukivuma vizuri, na watoto walishangilia kuwa hapana joto. Upepo huo ndio uliotudanganya. Mtu apandapo juu kwa mita 1,000 joto hupungua kiasi cha digrii sita. Kwa hiyo katika mita 400 hupungua digrii mbili na kitu tu, na ubaridi mwingine wote tuliouona ni wa upepo unaokausha jasho. Tulipoanza kushuka njia ilipita kwanza katika majani makavu yasiyo na mti wa kivuli, jua likitupiga utosini, kisha ikaingia msituni. Msituni mna kivuli, lakini upepo hakuna hata wa kutikisa jani, na hewa ni nzito kama ya jikoni wakati wa kuchemsha maji. Jasho halikauki, latiririka tu. Baadaye daktari alinieleza kwamba jasho lenyewe halimpozi mtu. Kinachompoza ni kule kukauka kwake, na jasho lisilokauka ni maji yanayopotea bure.

Tena nataka mliangalie umbo la njia hii, maana lina hila. Katika mlima wa kawaida mtu hupanda akiwa na nguvu zake, na hushuka amechoka. Hapa mambo ni kinyume. Mtu hushuka kwanza, tena hushuka akicheka, miguu yampeleka yenyewe, na kila hatua nyepesi anayoitia mbele ni hatua nzito anayojiwekea nyuma. Kazi yote yangoja mwisho, katika saa ya joto kuliko zote.

Chini kule palikuwa pazuri, siwezi kusema vingine. Maji yaanguka kutoka juu ya jabali kama shuka jeupe, yafika chini yakawa ziwa dogo la baridi, na manyunyu yake yakupata usoni ungali mbali. Wavulana walivua viatu wakaingia mpaka magotini. Wasichana na maalima wao walikaa upande wao juu ya mawe, wakatia miguu majini. Kijana mmoja alijikinga maji viganjani akataka kuyanywa, askari akamzuia, akamwambia juu ya mto huu ndovu na nyati hunywa na kujisaidia, na maji ya mtoni hata yang'ae vipi huchemshwa kwanza. Ni neno la kuliweka moyoni, hasa sisi tulio na mito ya pwani iendayo polepole, yenye konokono wa kichocho.

Maji ya kunywa tulikuwa nayo, kila mtoto na chupa yake. Lakini nilikuwa nimewaamrisha wasiyamalize. "Mtayahitaji wakati wa kurudi," niliwaambia, na tulipokuwa tukishuka kila aliyefungua chupa nilimtupia jicho. Nililelewa hivyo. Maalim wangu alikuwa akituambia kuwa kiu ni mtihani wa mwanamume. Kumbe mtu akitembea katika joto yataka anywe kidogo kidogo kabla hajaona kiu, kikombe kimoja kwa kila robo saa au dakika 20, na kiu ikija ujue umekwisha kuchelewa. Maji yaliyo ndani ya chupa hayamsaidii mtu. Yamsaidia yaliyo mwilini.

Yule kijana wetu hakucheza sana. Alinawa uso, akajimwagia maji kichwani, akakaa. Baada ya kitambo akaja nilipokuwa nimeketi, akasimama mbele yangu kwa adabu, akaniuliza:

"Maalim, safari hii ni safari?"

Nilifurahi. Nilidhani amekumbuka darasa la fiqhi. Nikamjibu kama nijibuvyo chuoni, kwamba masafa ya kupunguza sala na kufungua saumu katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii ni marhala mbili, nazo ni zaidi ya kilomita 80, na kwamba kutoka Mombasa mpaka hapa hatukufikia hata nusu yake. "Basi hii si safari katika sheria," nikamwambia. "Umefahamu?"

"Naam, Maalim," akasema, akarudi akakaa juu ya jiwe lake.

Jawabu langu lilikuwa sahihi, herufi kwa herufi, na lilikuwa jawabu la swali jingine. Mtoto hakuja kujifunza masafa. Alikuja kuomba ruhusa, na kwa kuwa nilikuwa nimemsifu mbele ya watu, ulimi haukumpa kusema, "Maalim, nina kiu." Aliitafutia kiu yake nguo ya heshima ya kuivika. Na mimi nilijua, tangu nikiwa na umri wake nalijua, kuwa saumu ya suna haihitaji safari wala ugonjwa ili ifunguliwe. Mwenye kufunga suna ana amri juu ya nafsi yake: akitaka ataitimiza, na akitaka atafungua, wala kwetu hailazimu kuilipa. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe aliamka siku moja amefunga, akaambiwa kuna chakula cha zawadi, akakiitisha akala. Haya yote yalikuwa kichwani mwangu, na sikumwambia hata moja.

Ilipokuwa saa sita na kitu askari alinijia akanishauri tusubiri. "Maalim, jua sasa ni kali. Hapa pana kivuli na maji. Tukae mpaka saa tisa, kisha tupande polepole." Nikamwambia kuwa tunataka kuisali adhuhuri kwa jamaa katika msikiti wa Kwale, na chakula chetu kimo garini. Alinitazama, akasema, "Haya, Maalim." Nami leo najiuliza ni nani aliyenizuia kuisali pale pale kando ya maji, na ardhi yote imefanywa kuwa msikiti wetu. Sikuwa na jawabu ila kwamba nilikwisha kupanga, na mpango wangu ulikuwa umekwisha kuvurugwa mara moja asubuhi, sikutaka uvurugwe mara ya pili.

Tulipanda. Katika msitu watoto waliimba. Tulipotoka kwenye majani makavu nyimbo zikakoma, zikasikika pumzi tu. Wadogo walianza kuketi njiani. Maalima aliniambia, "Maalim, waache wanywe," nikasema haya, wanywe, na chupa zikamalizika zote mara moja. Mimi mwenyewe nilikuwa naona vidoto vyeusi mbele ya macho.

Yule kijana alikuwa nyuma yangu kidogo. Nilimsikia akisema kichwa chauma. Nikamwambia, "Subira, tumekaribia." Nilipogeuka mara ya pili nikamwona ameshika magoti, uso umempauka kama majivu, midomo imekauka, na jasho limemtoka baridi. Akanitazama akaniuliza, "Maalim, chuo kimekwisha?" Kisha miguu ikamwacha, akaanguka ubavu katika majani.

Ndugu zangu wazazi, sitaweza kuwaeleza vile swali lile lilivyonikata. Mtoto alikuwa hajui yuko wapi.

Askari hakupiga kelele. Alimnyanyua kama mtu anyanyuavyo mtoto wake mwenyewe, akampeleka chini ya kichaka kilichokuwa na kivuli cha kutosha mtu mmoja, akamlaza chali na kuiinua miguu yake juu ya mkoba. Akamfungua vifungo, akamvua kofia na viatu. "Leso," akasema. Maalima alikuwa na leso ya akiba mkobani, akaitoa. Askari akaimwagia maji yote yaliyokuwa katika chupa yake mwenyewe, ile aliyoichukua kwa ajili yake, akamfunika nayo kifuani na shingoni, kisha akawaambia wavulana wampepee kwa kofia zao. Wengine akawasimamisha upande wa jua ili wafanye kivuli kwa miili yao.

Nilipowaona watoto wamemzunguka mwenzao hivyo, wakimkinga jua, nilikumbuka hadithi nilizozisomesha miaka mingi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa safarini akaona watu wamesongana, na mtu mmoja katikati yao ametiliwa kivuli. Akauliza ana nini, akaambiwa kuwa amefunga. Naye akawabainishia kwamba kufunga safarini kwa namna hiyo si katika wema. Nimeisomesha hadithi hiyo mara nyingi, nikaeleza sanadi yake na maneno yake. Lakini sikuwahi kuufikiria uso wa yule mtu aliyelala katikati.

Haikuchukua muda kijana akafumbua macho vizuri. Askari alimtia chupa midomoni, ya mwisho iliyokuwa na maji, aliyokuwa ameificha msichana mmoja mwenye busara kuliko maalim wake. Kijana akafunga meno. "Saumu yangu," akasema, akanitazama mimi. Wote wakanitazama mimi.

Nikapiga magoti katika majani nikamwambia, "Kunywa, mwanangu. Saumu hii ni yako, na wewe ndiwe mwenye amri nayo. Ilikuwa yako tangu asubuhi. Mimi ndimi niliyekosa kukwambia."

Akanywa mafunda matatu, akapumzika, akanywa tena.

Wavulana wanne wakubwa wakamchukua juu ya leso ya pili, wakipokezana, hadi kwenye gari, na kutoka hapo tukampeleka hospitalini. Huko alilazwa kitandani penye feni, akatiwa maji mshipani, na kabla ya magharibi aliruhusiwa kurudi nyumbani. Al-hamdu lillahi. Daktari, kijana mwenye umri wa mwanangu, hakunilaumu, ila alinieleza kwa makini jambo ambalo kila mzazi yafaa alijue. Alisema joto la mwili wa mtu mzima wa afya ni digrii 37 au karibu nayo. Mtu akifanya kazi juani mwili huzalisha joto lake mwenyewe juu ya lile la jua, na kupanda mlima huzalisha jingi. Akipungukiwa na maji, jasho hupungua, na damu hushindwa kulipeleka joto nje. Hapo kichwa huuma, moyo huenda mbio, mtu huona kichefuchefu, misuli hukaza, ngozi hulowa baridi. Akipozwa na kunyweshwa wakati huo hurejea. Lakini mwili ukifika digrii 40 na akili ikaanza kupotea, mtu akawa asema ovyo au haitiki, basi hiyo ni hatari ya kufa, na hapana kungoja. Apozwe kwa maji na kupepewa hapo hapo alipo, na aendelee kupozwa njiani akipelekwa hospitali. Wala asinyweshwe kwa nguvu mtu asiyejitambua, maana maji yataingia mapafuni. Dawa za homa kama panado hazisaidii hapa, kwa kuwa hii si homa.

"Yule alipouliza habari za chuo," daktari akaniambia, "alikuwa mlangoni. Aliyemfunika ile leso ndiye aliyemrudisha."

Kwa wenye akili kidogo na wepesi wa kusahau kama mimi, nimejifunza pia kutengeneza maji ya kubeba: katika lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, ukoroge mpaka viyayuke. Chumvi isizidi. Jasho hutoka na chumvi, na ndiyo sababu ukilamba mkono baada ya kazi waionja.

Jioni ile nilikwenda nyumbani kwao kijana. Analelewa na bibi yake, mzaa mama, mwanamke mwenye heshima zake ambaye kwa miaka yote hii hajapata kuniinulia sauti. Nilimkuta barazani. Nilikuwa nimejitayarishia maneno ya kuomba radhi, lakini hakunipa nafasi ya kuyapanga.

"Maalim," akasema, "mimi usiku ule nilimwambia asifunge. Nilimwambia, mjukuu wangu, mwaenda kutembea juani, funga Jumatatu. Akanijibu, Bibi, wiki iliyopita Maalim alimsifu fulani kwa kufunga."

Nikanyamaza.

"Sikulaumu kwa kumfundisha dini," akasema tena. "Nimekupa mtoto umfundishe. Lakini yeye hakufunga Alhamisi ile kwa ajili ya Mungu peke yake, Maalim. Alifunga ili umwone."

Nilimwambia, "Ni kweli, bi mkubwa. Nami nilimwona asubuhi, wala mchana sikumwona." Akaniitishia kahawa. Tukainywa bila ya maneno mengi.

Jumamosi chuoni niliwakusanya wote, wakubwa kwa wadogo, nikawaeleza hukumu ya saumu ya suna tangu mwanzo hadi mwisho, na nikawaambia yaliyonipata siku ile mimi kwanza kabla ya yaliyompata mwenzao. Nikamwuliza kijana kama ameridhika niyasimulie, akakubali, ila aliomba jina lake lisitajwe gazetini. Nilipomaliza, mtoto mdogo wa juzuu ya amma aliinua mkono.

"Maalim, kama ulijua, mbona hukumwambia kule mtoni?"

Nilifikiri kumwambia kuwa nilisahau. Lakini sikusahau. Nikamwambia, "Nilipenda awe vile nilivyomsifu." Sijui kama alifahamu. Wakubwa walifahamu, kwa maana waliinamisha macho.

Sasa nasikia baadhi ya wazazi wanasema matembezi yakome, watoto wakae chuoni wasome. Mimi siungani nao. Mtoto aliyekwisha kuyaona maji yakianguka kutoka juu ya jabali la Shimba atafungua bomba la nyumbani kwa mkono mwingine. Na watoto hawa kumi na tano na kumi na moja wamejifunza njiani, katika muda wa saa mbili, namna ya kumkinga mwenzao jua, jambo ambalo mimi sikuwafundisha kwa miaka. Yanayopaswa kukoma ni kwenda kwa namna ile niliyowapeleka mimi.

Tumeazimia kurudi mwezi wa Agosti, watoto wakiwa katika likizo na kusi inavuma, na jua si la kukaanga kama la Disemba. Gari italala karibu na chuo, tuondoke mara baada ya alfajiri. Tukichelewa tukafika langoni baada ya saa tatu, hatutashuka. Tutatazama palahala kutoka garini, tule mahamri yetu, turudi. Askari yule yule nimempelekea salamu, naye amenijibu kwamba atanikatia fimbo nyingine, na kwamba nivae raba.

Adhuhuri tutaisali kwenye maji. Na chupa zote, pamoja na za akiba, nimemkabidhi yule kijana. Yeye ndiye atakayesema ni wakati gani wa kusimama na kunywa, na akisema, sote tutakunywa, mimi wa kwanza.

Wassalamu alaykum.